Ua la Uani

Mlio jikoni punguzeni moto kidogo, mlio barabarani endesheni polepole, tuzungumze.

Kiswahili chetu kina ua na ua. Ua la kwanza hunukia, na yakiwa mengi ni maua. Ua wa pili huzunguka nyumba, na zikiwa nyingi ni nyua. Mgeni anayejifunza lugha hii huchanganyikiwa hapo, nasi tukamcheka. Lakini na sisi wenyewe huchanganyikiwa, si kwa ulimi, bali kwa jembe. Tunapanda ua uani, na baada ya miaka michache hakuna tena ua wa kuanika nguo wala wa kutandika mkeka. Umebaki mti tu.

Haya yamenijia kwa sababu ya ujumbe wa sauti niliotumiwa na mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa, anayeishi Houston, Texas, pamoja na wanawe. Anasema wamejaliwa kununua nyumba. Nyuma ya nyumba kuna ua ambao ameupima kwa miguu yake mwenyewe: hatua 12 upande mmoja, hatua 15 upande wa pili. Anataka mti mmoja tu, wenye maua na harufu nzuri, akae chini yake jioni anywe chai yake ya tangawizi. Kitaluni ameoneshwa mti unaoitwa magnolia. Jirani aliposikia akamwambia asithubutu, mti huo ni jitu. Binti yake naye kamletea kwenye simu picha ya magnolia kadogo kalikokaa pembeni mwa mlango kwa adabu kama mwanafunzi wa chuo. Sasa mama anauliza: “Mwanangu, nishike la nani? Nipande, nisipande?”

Shikamoo, mama. Swali lako ni la sekunde chache, lakini jibu lake linataka kikao. Tuanze kwa kumjua mgeni tunayetaka kumkaribisha uani.

Mti uliooneshwa, ule hasa wa kusini mwa Marekani, wataalamu huuita Magnolia grandiflora, maana yake magnolia ya maua makubwa. Kwao ni majimbo ya kusini mashariki: kutoka pwani ya North Carolina, kushuka hadi Florida, kupitia Georgia, Alabama, Mississippi na Louisiana, mpaka mashariki mwa Texas. Kwa hiyo hapo Houston, mama, mgeni ni wewe. Mti uko kwao.

Majani yake ni mazito, magumu kama ngozi iliyopakwa mafuta. Upande wa juu ni kijani kinachometameta, upande wa chini una rangi ya kutu, na ukipapasa unahisi vinyweleo laini. Hayapukutiki yote kwa mara moja kama ya miti mingine ya nchi za baridi, basi mwaka mzima mti umevaa nguo zake. Ua lake ni jeupe, na likifunguka sawasawa huwa na upana wa sentimita 20 hadi 30. Ni sahani ya wali hiyo! Harufu yake ina utamu ndani yake na ndimu pembeni. Watu wa Louisiana walilichagua kuwa ua la jimbo lao mwaka 1900. Wa Mississippi waliuchagua mti huo kuwa mti wa jimbo mwaka 1938, na mwaka 1952 wakalifanya na ua lake kuwa ua la jimbo.

Jina lenyewe si la Kimarekani. Mwaka 1703, mtawa wa Kifaransa aitwaye Charles Plumier, aliyekuwa akizunguka visiwa vya Karibi kukusanya habari za mimea, aliupa mti mmoja wa kisiwa cha Martinique jina la Pierre Magnol, bingwa wa mimea wa mji wa Montpellier. Magnol anakumbukwa kwa jambo moja kubwa: ni katika watu wa mwanzo kabisa kuipanga mimea kwa familia, kama sisi tunavyopanga watu kwa koo na mbari.

Basi na tumfuate Magnol kwa njia yake mwenyewe, tuulize swali ambalo Mswahili huuliza kabla ya kupokea posa yoyote: huyu ni wa ukoo gani?

Afrika haina magnolia ya asili hata moja. Miti hiyo ni ya bara Asia na mabara ya Amerika. Lakini jamaa zake, msikilizaji, umewala tangu utotoni. Wataalamu wameiweka magnolia katika oda moja, yaani kundi moja la familia za mimea, na mstafeli na mtopetope. Humo humo yumo mlangilangi, ambao maua yake hutiwa kwenye mafuta ya nywele na kutandazwa kitandani kwa bibi harusi. Humo humo yumo mkungumanga, unaotupa kungumanga na basibasi yake. Wote hao walifika pwani yetu kutoka ng’ambo, wakaota mizizi, wakapewa majina ya Kiswahili, leo ukiwaambia ni wageni watakushangaa. Yuko na mmoja mwingine katika oda hiyo, mwenyeji halisi asiyetoka popote. Huyo namweka akiba.

Ukitaka kuona udugu huo, chukua topetope mkononi. Vile vinundu unavyovimenya kimoja kimoja, kila kimoja kilianza kama chumba chake katika ua lile lile moja. Vikakua, vikabanana, vikawa tunda. Ua la magnolia nalo lina vyumba vingi vilivyojipanga kuzunguka nguzo ya katikati, ila vya kwake havigeuki nyama tamu. Hukauka vikafanana na gunzi fupi, kisha kila chumba hupasuka na kutoa mbegu nyekundu inayoning’inia kwa uzi mwembamba, ikingoja ndege apite. Topetope hukualika wewe, magnolia hualika ndege.

Na uchavushaji wake ni kisa kingine. Ua la magnolia halikutengenezwa kwa ajili ya nyuki. Limeumbwa kwa ajili ya mbawakawa, wale wadudu wenye mgongo mgumu, ambao walikuwapo duniani zamani sana kabla ya nyuki. Mbawakawa hana ustaarabu wa nyuki. Huingia akitambaa, hutafuna anachokikuta, hukanyaga huku na huku. Kwa hiyo petali za magnolia ni nene na sehemu zake za ndani ni ngumu, kama nyumba iliyojengwa na mtu anayejua wageni wake wana fujo. Siku ya kwanza ua hufunguka upande wake wa kike ukiwa tayari kupokea chavua. Usiku hujifunga, mara nyingi na wadudu wakiwa ndani. Likifunguka tena, upande wa kiume ndio unaomwaga chavua, na mbawakawa hutoka amejipaka unga mwili mzima, akaenda kubisha hodi ua la jirani. Kwa mpango huo ua halijioi lenyewe. Baada ya siku chache petali hugeuka rangi ya kahawia na kuanguka. Ukiligusa ua hilo kwa vidole hubaki alama ya kahawia ulipoligusa, kwa hiyo waambie watoto walinuse na wasilishike.

Sasa, msikilizaji, siwezi kuusifu mti huu kama kwamba umeota mahali pasipo historia. Kusini mwa Marekani ndiko watu wa asili yetu walikolimishwa pamba na miwa kwa viboko, na magnolia zilikuwa zikichanua karibu na nyumba za mabwana. Mwaka 1939 mwimbaji Billie Holiday alirekodi wimbo uitwao “Strange Fruit”, unaowahusu watu weusi walionyongwa na kutundikwa mitini, na harufu ya magnolia imetajwa humo. Ikulu ya Marekani nayo ilikuwa na magnolia yake maarufu. Inasimuliwa kwamba iliwekwa hapo na Rais Andrew Jackson, kiasi cha mwaka 1830, kwa kumkumbuka mkewe Rachel aliyefariki kabla hajaingia Ikulu. Jackson huyo alikuwa mmiliki wa watumwa. Mti wake ulionekana kwa miongo mingi nyuma ya noti ya dola 20, mwaka 1994 ndege ndogo ilianguka ikaugonga, na mwezi wa Aprili 2025 ukakatwa kwa sababu ya uzee na ubovu.

Nayasema haya si kumtia mama huzuni. Mti hauna kosa, kosa ni la aliyefunga kamba. Na kwa maoni yangu, mama wa Kiafrika kupanda magnolia katika ardhi aliyoinunua kwa jasho lake, akakaa chini yake na chai, ni njia mojawapo ya kuirudishia harufu hiyo heshima. Lakini ukiupanda, ujue unapanda nini.

Tukumbuke pia kuwa mti ule wa Ikulu ulisimama karibu miaka 200, ukapita ghorofa ya pili. Hapo ndipo jirani wa mama anapopata hoja. Magnolia hii ikiachwa ijinafasi hufika mita 18 hadi 24 kwenda juu, na mingine huzidi. Matawi yake hutanuka mita 9 hadi 15. Sasa chukua ua wa hatua 12 kwa 15, ambao ni kama mita 9 kwa 11. Huhitaji mwalimu wa hesabu. Siku mti huo utakapokuwa mtu mzima, mama atakunywa chai yake barabarani.

Mimi nina ushahidi wangu. Miaka niliyokaa Atlanta, nilinunua mche wa magnolia kwa muuzaji mmoja ambaye simtaji. Ulikuwa na urefu wa kiunoni, umependeza, umechanua ua moja. Kibandiko chake kiliandikwa “magnolia” tu, basi. Nikamuuliza, “Huu ni mdogo?” Akanijibu, “Si unauona mwenyewe?” Nami kwa ushamba wangu nikaridhika. Nikaupanda hatua mbili kutoka dirishani, ili harufu iingie chumbani. Miaka ya mwanzo nilijisifu kwa kila mgeni. Kisha mti ukaanza kunionesha asili yake. Dirisha likawa giza mchana. Majani yake makavu, ambayo ni magumu kama kadibodi na hayaozi upesi, yakawa yanaanguka kila mwezi, na majira ya kuchipua ndiyo usiseme: nafagia asubuhi, jioni hakuna tofauti. Ukoka chini yake ukafa wote kwa kukosa jua. Mwisho nikamlipa mtu aje aukate, na msumeno ulipolia nilijiona kama mtu anayemfukuza mtoto nyumbani kwa kosa la kukua.

Kosa halikuwa la mti, wala silitupi lote kwa muuzaji. Swali langu ndilo lililokuwa baya. Mti mdogo na mti mchanga ni vitu viwili. Mche wa mbuyu unaweza kuukanyaga bila kuuona, lakini ni mbuyu. Mkomamanga uliozeeka unaweza kuufikia ncha kwa mkono, lakini ni mtu mzima. Mti wa uani huchaguliwa kwa utu uzima wake. Uchanga wake ni mapambo ya kitaluni.

Na hapo ndipo ile picha ya binti wa mama inapoingia. Binti hakudanganya. Zipo magnolia zilizo ndogo kwa tabia, hazisubiri kukua ziwe kubwa. Mashuhuri zaidi katika ukoo wa grandiflora inaitwa Little Gem, maana yake kito kidogo. Mwaka 1952, mwenye kitalu mmoja aitwaye Warren Steed, wa mji mdogo wa Candor, North Carolina, aliutenga mche ambao haukufanana na wenzake: umbo jembamba lililosimama wima, majani madogo, maua madogo, na haraka ya kuchanua. Aina hiyo ikaandikishwa rasmi mwaka 1966, na leo imepandwa kila mahali kusini mwa nchi hiyo.

Tuipime. Little Gem hufika kiasi cha mita 6 kwenda juu na mita 3 kwenda pembeni. Mita 3 ni hatua 4 za mama. Majani yake ni kama nusu ya yale ya mti mkubwa. Maua nayo ni kama sentimita 8 hadi 12: badala ya sahani ya wali, sosa ya kikombe cha chai. Lakini faida yake ni mbili. Kwanza, haichelewi. Magnolia kubwa iliyooteshwa kwa mbegu inaweza kukukalisha miaka 10 na zaidi bila kukuonesha ua, ilhali Little Gem huanza ingali mche wa miaka miwili au mitatu. Pili, haimalizi maua yake kwa pupa. Huanza kiasi cha mwezi wa Mei na kuendelea kuchanua kidogo kidogo hadi joto linapoondoka. Leo ua hapa, keshokutwa jingine pale, kama mzee anayetoa hadithi moja kila usiku.

Tahadhari mbili, mama. Ya kwanza: zile mita 6 si sheria ya serikali. Mti ni kiumbe, ukipewa udongo mzuri na miaka mingi huweza kuzidi. Uachie nafasi ya heshima. Ya pili: mbegu ya Little Gem haizai Little Gem. Mbegu huleta mchanganyiko wa baba na mama, na babu mrefu anaweza kurudi wakati wowote. Ili udogo udumu, mche lazima utokane na kipande cha tawi kilichooteshwa au kuunganishwa. Kwa hiyo usiridhike na neno “magnolia” kwenye kibandiko kama nilivyoridhika mimi. Tafuta jina kamili la aina. Kama halipo, weka pesa mkobani, uage kwa adabu.

Najua kuna wengine wananisikiliza kutoka Minneapolis na Toronto, wanasema, “Na sisi wa kwenye theluji?” Ndugu zangu, Little Gem si wenu. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, mti huo hauna koti la kutosha. Kwenu ipo magnolia ya nyota, asili yake Japani, ambako porini sasa imekuwa adimu. Hiyo ni kichaka au mti wa mita 3 hadi 4, na hupukutisha majani. Mwisho wa baridi, kabla hata ya jani moja kuchipua, matawi makavu hujaa maua meupe yenye petali nyingi nyembamba, kama nyota zilizoshuka kupumzika. Kasoro yake ni papara. Huchanua mapema mno, kisha sakitu ya usiku mmoja huyaunguza maua yote, asubuhi ukaamkia matambara ya kahawia.

Kasoro hiyo ilishughulikiwa mjini Washington. Katika bustani ya taifa ya utafiti wa miti, watafiti Francis de Vos na William Kosar, miaka ya 1955 na 1956, waliichanganya magnolia ya nyota na nyingine ya Asia yenye maua ya zambarau inayochelewa kuchanua. Wakapata aina 8 ndogo, zenye maua ya waridi na zambarau, zinazongoja wiki kama mbili zaidi mpaka hatari kubwa ya sakitu imepita. Wakazipa majina ya kina dada: Ann, Betty, Jane, Judy, Pinkie, Randy, Ricki na Susan, mengine yakiwa majina ya mabinti zao wenyewe. Kwa hiyo wewe wa theluji, ukifika kitaluni usiulize magnolia. Muulize Jane yuko wapi. Subira huvuta heri, na hata mti unaweza kufundishwa subira.

Turudi Houston. Mama ameshapata mche wake wenye jina kamili. Afanye nini?

Asubiri joto kali lipite. Huko kusini, miezi ya vuli ndiyo mizuri, mizizi ipate muda wa kujishikiza kabla ya kiangazi. Mizizi ya magnolia ni minene kama kamba, ina matawi machache, na haipendi kusumbuliwa. Ndiyo maana mahali pachaguliwe mara moja tu. Mti huu si kabati la kuhamishwa kila sikukuu. Uwekwe hatua 4 kutoka ukutani, mbali na njia ya saruji, mahali penye jua la kutosha.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisizidi kina cha donge lenyewe. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tumezoea migomba na minazi, tunadhani kuzika sana ndiyo kushikiza. Magnolia ikizikwa shingo hukosa hewa. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo. Sehemu nyingi za Houston zina udongo wa mfinyanzi mzito unaotuamisha maji, kwa hiyo ni afadhali donge liinuke kidogo kuliko kuzama. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu ifunguliwe kwa mkono au ikatwe, la sivyo itaendelea kuzunguka hivyo hivyo mpaka ijinyonge.

Kisha matandazo: majani makavu au maganda ya miti, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Maji yamwagwe mengi kwa siku chache za wiki, yazame chini, kuliko kunyunyizia kidogo kila siku kama unayetia udhu. Mwaka wa kwanza na wa pili usiusahau. Baada ya hapo utajitegemea isipokuwa ukame ukizidi.

Matawi ya chini usiyakate kwa ajili ya unadhifu. Yakiachwa yafike karibu na ardhi, majani makavu huangukia chini ya sketi ya mti, hayaonekani, nayo hugeuka matandazo ya bure. Ukilazimika kupogoa, fanya baada ya maua, na kwa kiasi, kwa sababu majeraha yake hupona taratibu. Na ukiona matawi yanashika utomvu wa kunata na masizi meusi, chunguza: kuna wadudu wadogo waitwao vidugamba, wamejibanza kwenye vijiti kama vipele, wananyonya. Kwenye mti mdogo unaweza kuwakwangua kwa brashi laini na maji ya sabuni. Kwenye mti wa mita 24 ungeita gari la zimamoto. Hiyo nayo ni faida ya udogo.

Msikilizaji wa Lamu, wa Tanga, wa Unguja, najua unaniuliza, “Na mimi? Niagize magnolia kutoka Marekani?” Sasa nakutolea ile akiba yangu.

Nilisema yuko mwenyeji mmoja katika oda hii. Ni mkilua. Naam, ule ule unaotoa kilua, kile kiua ambacho bibi zetu walikifunga pamoja na asumini na mrehani kupata kikuba, wakakibandika kifuani, na chumba kizima kikajua nani ameingia. Mkilua ni kichaka au mti mdogo wa mita chache, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na umeletwa majumbani kwa ajili ya harufu yake. Mwaka 1970, mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, aliyewahi kufanya kazi Nairobi, aliupa jina la kisayansi, na kwa neno la kwanza la jina hilo hakuhangaika kutafuta Kilatini wala jina la mfalme. Aliuita Mkilua fragrans, mkilua unukiao. Neno letu, kama lilivyotoka kinywani mwa watu wa pwani, limeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Magnolia ilipewa jina la profesa wa Montpellier, mkilua umebaki na jina ulilopewa na mama zetu.

Na bado nyumba nyingi mpya za pwani, wenyewe wakitafuta mti wa mapambo, huagiza mche wa mbali wenye jina gumu, huku mkilua ukizidi kuwa kitu cha kusimuliwa na wazee. Tunajua bei ya kikuba sokoni, shina lake hatulijui. Mti tunaotaka wengine watuuzie, mdogo, wenye harufu, unaokaa uani bila kumfukuza mwenye ua, tulikuwa nao tangu zamani.

Kwa hiyo, mama, hukumu yangu ni hii. Panda. Jirani yako amesema kweli kuhusu mti mkubwa, na binti yako amesema kweli kuhusu mdogo. Chukua Little Gem yenye jina lililoandikwa, iweke hatua 4 kutoka ukutani, usiizike shingo, iache na sketi yake. Ikitoa ua la kwanza, linuse usilishike, na utukumbuke.

Na wewe uliye pwani, nina ombi moja. Wiki hii ukimtembelea bibi au shangazi mwenye mkilua uani, usiishie kuomba maua. Omba na mche.